Malkia wa Pili

Boksi la Mzee Kupaza liko juu ya meza yangu ya chakula hapa Muheza, siku ya nne leo, na bado sijalifungua. Nalizunguka kwa sahani. Nimechambua mchele kando yake, nimelifunika kwa kitambaa nikajifanya silioni, na harufu ya mbao ya mkulo inatoka hivyo hivyo mpaka inanifuata chumbani. Wiki iliyopita tulimzika mwenyewe kule Mlalo, mzee wa kanisa, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa miaka tisini na ushee, na wakati naaga, binti yake mkubwa, Eliwaza, alinivuta nyuma ya jiko la matanga akaniwekea boksi mikononi, limefungwa kwa kamba ya katani. Alisema baba yake aliagiza mara tatu: hili ni la Mwalimu, na asilifungue mtu mwingine. Mwalimu ni mimi. Mama mzima, nakaribia kustaafu, nimewahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, na hapa naogopa boksi la mbao. Naogopa kwa sababu mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu mkono wangu ndio ulioandika barua iliyomwondoa mtu kwenye kazi yake, na nilipokuwa naitumbukiza kwenye sanduku la posta nilikwisha kujua kuwa tulichoandika si kweli. Sijamwambia mtu yeyote pale Lushoto. Mzee Kupaza sikumwambia kabisa. Ninachoogopa ni kwamba alijua.

Mwaka ule nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi juu kidogo ya mji wa Lushoto, na nilipanga chumba cha uani kwa Baba Athumani, fundi redio. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na dirisha linaloangalia shamba la kabichi, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inaingia kwa chini ya mlango kama mwenye nyumba. Lakini mimi sikuishi chumbani kwangu. Niliishi kwenye karakana ya Baba Athumani, upande wa barabarani, chumba kirefu chenye rafu tatu za redio zilizofungwa vikaratasi vya majina ya wenyewe, nyingine zimekaa hapo hata wenyewe wamezisahau. Kulikuwa na harufu ya risasi ya kulehemu, vumbi la moto, na kila siku ya Jumamosi, harufu ya makande. Mke wake, Mama Athumani, alikuwa anainjika makande tangu asubuhi, na saa saba mchana sufuria linaingia karakanani na parachichi zilizokatwa vipande, chai ya tangawizi kwenye birika, na redio zinasogezwa kupisha ubao wa chesi. Gazetini waliandika sataranji, sisi tulisema chesi.

Waliokuwa wanakuja bila kukosa ni wanne. Baba Athumani, mwenye nyumba, Muislamu mcheshi ambaye alicheza huku mkono mmoja umeshika bisibisi. Shabani, dereva wa lori la mboga, aliyekuwa anashuka na karoti na hoho mpaka Dar es Salaam na kurudi na habari za nchi nzima. Mimi, mwanamke peke yangu, ambaye mwanzoni niliingia kuomba moto wa mkaa nikabaki nimesimama. Na Mzee Kupaza, ambaye ndiye aliyekuwa na kete. Alizichongesha kwa fundi seremala wa kwao Mlalo, kwa mkulo, thelathini na mbili kamili, ingawa ngome moja nyeusi ilipotea na mahali pake pakakaa kitufe cha kuongezea sauti cha redio. Ubao alichora mwenyewe kwa rula ya mahakamani. Alikuwa amejifunza mchezo ujana wake, kwenye ofisi ya shamba la mkonge huku tambarare, na wote pale alitufundisha yeye, mimi nikiwa wa mwisho. Nikimwamkia shikamoo anaitikia, kisha ananinyooshea ngumi mbili nichague rangi, bila hata kuniuliza nimeamkaje.

Sheria zake tulizishika kama tulivyoshika alfabeti. Farasi anaruka. Askari harudi nyuma. Na askari akifika mwisho wa ubao, anafufua: unachukua kete yako moja iliyokwisha kuliwa, unairudisha mahali pake. Kama malkia wako bado yu hai, humpati malkia. Utachagua ngome, au farasi, yeyote aliyelala pembeni. Na kama hakuna aliyeliwa, askari anakaa pale pale akisubiri. Tuliona ni haki kabisa. Kete zilikuwa thelathini na mbili, mtu atatoa wapi ya thelathini na tatu? Siku hizi mpwa wangu anacheza kwenye simu, na askari akifika juu simu inamgeuza malkia yenyewe, haiulizi nani amekufa nani mzima. Nikimwangalia moyo unanienda mbio mpaka leo, naye anadhani naumwa presha.

Kila wiki lilikuja jarida. Silitaji jina, limeshakufa. Lilipanda na basi kutoka Tanga, nakala chache, moja ikiwa yetu, na tulikuwa hatusomi kitu humo ila ukurasa wa nyuma, safu ya mtu aliyejiita Babu Ngome. Alikuwa anachora ubao mdogo wenye fumbo, kisha anaandika chini yake habari za mchezo kana kwamba anasimulia ugomvi wa ndoa. Askofu amenuna kwenye kona. Farasi wa jirani ana tabia ya kuchungulia. Jibu linatoka wiki inayofuata. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti, kwa kuwa ni mwalimu, na nakumbuka Mama Athumani, ambaye hakuwahi kugusa kete, anasimama mlangoni na mwiko anacheka. Tulimpenda yule mtu. Hatukujua sura yake wala kabila lake, lakini Jumamosi aliyokosa kuandika kwa ugonjwa, Mzee Kupaza alimtaja kwenye maombi kabla ya kula, na Baba Athumani akaitikia amina.

Fumbo lililotuponza lilikuwa la hatua mbili: nyeupe aanze, amfunge mfalme kwa hatua mbili. Tulihangaika nalo wiki nzima. Malkia mweupe alikuwepo ubaoni, na askari mweupe amebakiza hatua moja kufika juu. Tulijaribu kufufua ngome, haikutosha. Askofu, bure. Shabani alilipeleka mpaka Dar es Salaam kichwani akarudi nalo vile vile. Jumamosi iliyofuata nikafungua jarida, nikasoma jibu: askari apande, awe malkia, na hapo mfalme mweusi hana pa kwenda. Mzee Kupaza akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka kikombe chini. Malkia yupi, aliuliza, wakati malkia huyu hapa mezani, mzima wa afya? Baba Athumani akasema kwa upande wake haoni shida mfalme kuwa na wake wawili, dini inaruhusu, ila ninyi Walutheri ndio mtakaosumbuka. Tulicheka wote isipokuwa mzee. Yeye alikuwa amekasirika kweli, na akikasirika alihamia Kishambaa, anaongea taratibu na ubao wenyewe, kwamba wiki nzima amekosa usingizi kwa ajili ya mtu asiyejua hesabu ya kete.

Nadhani aliona ametiwa aibu mbele yetu sisi wanafunzi wake. Hilo nalielewa leo. Siku ile niliona tu kwamba mzee ana hoja. Akasema iandikwe barua kwa mhariri. Nililetewa karatasi yenye mistari, na kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri nikaandika alivyosema, kwa Kiswahili chake cha mahakamani: kwamba tumesikitishwa, kwamba mwandishi ameonyesha kutojua misingi ya mchezo, kwamba huenda umri umemzidi, na tunaomba uongozi wa jarida umchunguze na kuchukua hatua zinazostahili. Nilisita kwenye sentensi ya umri. Akaniangalia juu ya miwani, nikaiandika. Mwisho ukaandikwa: Chama cha Chesi, Lushoto, chenye wanachama arobaini. Baba Athumani akauliza arobaini wako wapi, mzee akajibu kuwa watakuja. Halafu akatoa mfukoni kitu nilichokuwa sijawahi kukiona: mhuri. Aliuchongesha Tanga, wa mviringo, una jina la chama na sanduku la posta la mzee mwenyewe. Alisema barua isiyo na mhuri mhariri anafungia karanga. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwenye wino wa zambarau, akaupiga mara mbili, juu na chini, na mimi nikaona fahari, siwezi kudanganya. Niliona sasa sisi ni watu.

Jumatatu baada ya vipindi nikateremka posta. Njiani nilinunua vitumbua kwa mama mmoja pale kwenye gulio, akanifungia kwenye karatasi aliyoichana kwenye rundo. Nilikaa kwenye ngazi za posta nile kwanza, maana tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu tumboni, bahasha nimeibana kwapani. Kitumbua cha pili kilipotoka nikaona kona ya ubao mdogo. Ilikuwa safu ya Babu Ngome, toleo la zamani, kabla sijafika Lushoto, imelowa mafuta hata inapitisha mwanga. Nikaisoma kwa mapenzi tu, kama mtu aliyekutana na barua ya rafiki. Alikuwa anamjibu msomaji. Aliandika kuwa askari akifika mwisho huwa kete yoyote anayoitaka mwenyewe isipokuwa mfalme, hata kama hakuna iliyotoka ubaoni, na mtu anaweza kuwa na malkia wawili, watatu, hata zaidi. Akikosa kete, atumie kizibo cha soda.

Niliacha kutafuna. Nakumbuka kwa usahihi kabisa nilichofikiri, na ndicho kinachonitesa, kwa kuwa sikufikiri kuhusu Babu Ngome hata kidogo. Nilifikiri kuhusu Jumamosi. Nilijiona nimesimama karakanani na karatasi ya vitumbua, mtoto wa juzi, mwanamke, mpangaji, namwambia Mzee Kupaza mbele ya Baba Athumani na Shabani kwamba kwa miaka yote hiyo amewafundisha watu vibaya. Nilimwona akinyanyuka, anafunga boksi lake, anaondoka nalo. Basi chesi imekwisha, na mimi nimebaki na dirisha langu na makabichi. Mlinzi wa posta akaniuliza kama naingia au natoka, maana wanafunga. Nikasimama, nikaitumbukiza barua. Ile karatasi niliikunja mara nne nikaitia kwenye sidiria, na mafuta yake yakanichafulia blauzi.

Kwa wiki tatu nilijipa moyo kuwa mhariri atacheka aitupe. Wiki ya nne jarida lilifika, nikaligeuza nyuma kama kawaida, na mahali pa ubao palikuwa na picha za mitindo ya kusuka nywele. Nilidhani wamehamisha ukurasa. Nikapekua kuanzia mbele, watu wote wanasubiri, makande yanapoa. Kwenye ukurasa wa mhariri kulikuwa na mistari michache: safu ya sataranji imefikia tamati, uongozi umepokea malalamiko ya maandishi kutoka chama cha mchezo huo katika wilaya moja ya milimani, chenye wanachama arobaini, kuhusu usahihi wa mwandishi, tunamtakia kila la heri. Niliisoma kwa sauti mpaka mwisho kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Mama Athumani alikuwa mlangoni. Aliuliza: kwa hiyo Babu haandiki tena? Baba Athumani akamjibu kwa kichwa. Akageuka akaenda zake jikoni, na Jumamosi ile hatukuletewa chai.

Baada ya hapo nilianza kuishi kwa kusikiliza. Basi la Tanga likipiga honi kona ya chini, naacha nilichoshika. Darasani chaki ilikuwa inanivunjikia mkononi. Jarida likawa linaleta barua za wasomaji kila wiki, na hazikuwa barua za mchezo. Mtu wa Tabora aliandika kwamba amelipiga jarida marufuku nyumbani kwake. Muuguzi mmoja alisema wagonjwa wa wodi yake walikuwa wanalisubiri fumbo kuliko daktari. Na wengi, wengi mno, waliuliza swali moja: chama hicho ni kipi, na kiko milima gani? Wengine walidhani Upare, wengine Uluguru. Nilijikuta naomba Mungu lawama iwaangukie Wapare, na nilijisikia vibaya, lakini niliendelea kuomba. Shabani alirudi safari moja akasema kwenye duka la vitabu Tanga wameanza kuitaja Usambara, na kwamba amesikia yule Babu ni mtu mzima kweli, mstaafu, anayemuuguza mke, na kalamu ile ndiyo ilikuwa inamtoa kitandani asubuhi. Aliyasema haya huku anakula, bila ubaya. Mzee Kupaza alikuwa anaangalia ubao. Usiku ule sikulala, na wala hakuna zaidi cha kusema juu ya usiku ule.

Ajabu ni kwamba hata sisi tulilia kama wenzetu. Baba Athumani alilaani jarida waziwazi. Mzee Kupaza alinisomea rasimu ya barua nyingine, ya kutaka mwandishi arudishwe mara moja kwa kuwa tuliomba achunguzwe tu, hatukuomba afukuzwe. Ila alipofika kwenye mhuri mkono ulibaki mfukoni. Angepiga mhuri ule ule, wote wangetujua. Bila mhuri, aliamini barua haina maana. Akaikunja rasimu akaiweka ndani ya boksi, chini ya kete. Mimi nilikuwa na ile karatasi ya mafuta ndani ya Biblia yangu, na kila Jumamosi nilivuka uani nikiwa nimeazimia kuisema, na kila Jumamosi nilikula makande nikarudi nayo.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi yenye ukungu, akaja mgeni. Alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Muheza huku huku, mfanyabiashara wa mdalasini, na alikuwa na kapu lililoijaza karakana yote harufu. Alisema ameleta redio, kweli akaitoa, halafu akauona ubao na macho yakamng'aa. Akakaribishwa chakula. Alikula vizuri, akamsifu mpishi, kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama tunakijua chama cha chesi cha hapa mjini. Aliyejibu ni Mzee Kupaza, mtu niliyemwona akisimama madhabahuni kusoma matangazo, mtu ambaye hakuwahi kusogeza kete isivyo halali hata kwa bahati mbaya. Alisema: "Hapa tunacheza tu kupitisha muda. Chama hatukijui." Nilimwangalia mfuko wa koti, pale mhuri unapokaa. Nikainamisha uso kwenye kikombe changu.

Mgeni akaomba mchezo mmoja kabla ya basi, akapangwa na mzee. Alikuwa anajua kucheza. Walikwenda polepole, mvua imeanza kupiga bati, na mimi niliona linakuja hatua sita kabla, nikatamani redio zote zianguke kwenye rafu. Askari wa mgeni alikuwa anapanda kwenye mstari wa pembeni na hakuna wa kumzuia. Malkia wake alikuwa mzima katikati ya ubao. Askari akafika. Mgeni akapekua mezani bila kuinua macho, akaokota kizibo cha soda, akakiweka mahali pa askari. Alisema, "Malkia."

Mzee alikitazama kizibo. Sisi tulimtazama mzee. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu anayesaidia mgeni aliyepotea njia, alisema kwamba hapa kwetu hatuchezi hivyo, kwamba malkia wako bado yuko hai, chukua ngome. Mgeni akacheka kidogo, akasema sheria ni moja dunia nzima, wapi umeona askari akipanga foleni kusubiri mtu afe? Halafu kicheko kikamwisha. Niliuona uso wake ukibadilika. Aliangalia ubao, akamwangalia mzee, akatuangalia na sisi mmoja mmoja, mpaka mimi. "Kumbe ni nyinyi," alisema. Hakupaza sauti. Aliinuka, akamshukuru Mama Athumani kwa chakula, akachukua kapu lake, na pale mlangoni akasema kile ambacho nimekisikia karibu kila wiki tangu siku ile: "Mmemtoa mtu kazini kwa kukosa kizibo." Redio yake aliiacha. Ilikaa rafuni mpaka nahama, ina kikaratasi kisicho na jina.

Mzee Kupaza alikusanya kete moja moja akaondoka kwenye mvua. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Walisema anaumwa mgongo. Mimi nilijua ni aibu, maana yangu ilinikaa hapo hapo mgongoni. Ndipo nikaandika barua, ya peke yangu safari hii, kwa Babu Ngome mwenyewe kupitia jarida, nikaeleza yote: kete thelathini na mbili, barua, mhuri, wanachama wanne walioitwa arobaini, na kwamba mimi niliisoma sheria yake kwenye karatasi ya vitumbua nikiwa na bahasha kwapani, na bado nikaitia. Sikuweka anwani. Niliona sistahili jibu, na kwa kweli niliogopa kulisoma. Niliweka jina langu, na chini yake Lushoto, basi.

Karibu na Krismasi mzee alirudi. Alinyoosha ngumi mbili kama kawaida, nikachagua, nikapata nyeupe. Alipofungua boksi niliona kete mbili mpya, mkulo ambao haujapata giza la mikono, moja ameipaka rangi nyeusi ya viatu. Malkia wawili. Aliwaweka pembeni ya ubao, upande wake mmoja na upande wangu mmoja, akasema, "Nimeona tuwe na akiba." Baba Athumani alifungua mdomo kutania, mkewe akamkanyaga mguu. Tukacheza. Hakuna aliyesema neno la sheria, wala la mgeni, wala la Babu, na wakati askari wangu alipofika juu mzee mwenyewe alininyooshea malkia wa pili kwa vidole viwili, akinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nilidhani ananiomba radhi. Nilidhani pia huenda ananisubiri niseme kitu. Nikasema asante. Januari barua ya uhamisho ikaja, nikashuka Muheza, nikaolewa, nikazaa, nikafundisha watoto wa watu. Kila Pasaka nilimpelekea mzee salamu na machungwa, naye akanirudishia salamu na viazi. Miaka yote hiyo.

Siku ya tano, asubuhi hii, nimelifungua. Kamba ilinishinda nikaikata kwa kisu cha mkate. Kete ziko zote, na kitufe cha redio, na malkia wote wanne, wale wawili wa mwisho sasa wamekuwa na giza sawa na wenzao. Chini yake mhuri, wino umekauka. Chini ya mhuri ile rasimu. Na chini kabisa bahasha yenye jina langu, kupitia Chama cha Chesi, Lushoto, imepasuliwa juu kwa wembe, kwa unadhifu, kama walivyokuwa wanafungua makarani wa mahakama.

Nilivuta kiti nikaisoma. Babu Ngome aliniandikia kwamba kwa kuwa sikuweka anwani anatumia ile ya kwenye mhuri, maana barua ya chama alipewa na watu wa jarida akaihifadhi kwa kuwa haijawahi kumtokea kushitakiwa rasmi namna hiyo. Aliandika kwamba mwezi mzima kabla hatujaandika alikwisha kuambiwa ukurasa wake unachukuliwa. Mhariri alikuwa hana la kuwaambia wasomaji, yetu ikamfaa. Alisema kosa lingine ni lake: amechora mafumbo miaka mingi akisahau kwamba nusu ya wasomaji wake wana boksi moja la kete na hawana ya ziada. Kuhusu vitumbua alisema nisilale na jambo hilo, nilikuwa na njaa na nilikuwa na heshima, na vyote viwili vinapumbaza. Mwisho aliandika: mwambie mzee wako achonge malkia wengine wawili.

Nililia, halafu nikakasirika, nikamtukana marehemu peke yangu jikoni kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia akiwa hai. Miaka yote hiyo ningelala. Lakini kunipa barua ile ilikuwa lazima kwanza aseme kwamba alikosea, na kwamba anajua nilijua nikamwacha apotee; na mimi, nani alinizuia kupanda Mlalo na karatasi yangu ya mafuta? Nilipoigeuza barua nikaona amefanya alichozoea kufanya na kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Amepiga mhuri wa chama, zambarau, kuonyesha imepokelewa. Pembeni, kwa ule mwandiko wake ulionyooka wa mahakamani, ameweka dokezo: Mwalimu aambiwe. Chini yake, kwa kalamu nyingine, neno moja: Bado. Chini tena, Bado, mkono umeanza kutetemeka. Yako matano, na la mwisho halisomeki vizuri, ni kama uzi ulioangukia karatasi.

Nimechukua kalamu ya kusahihishia, nyekundu, ndiyo iliyokuwa karibu. Nimeandika chini ya lile Bado la mwisho: Ameambiwa. Nikatia sahihi, nikapulizia mhuri pumzi mpaka ukalowa, nikaupiga.